Karamu Mbili Nyeusi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Taifa limepumzika, mimi nimepata kazi.

Jana baada ya misa katekista Fabrice alisoma tangazo. Jumamosi anakuja dada mmoja kutoka Dar es Salaam, anaitwa Christina, ametumwa na wachapishaji wa vitabu vya marehemu Juvenali Ntakije. Anakusanya barua ambazo mwandishi huyo aliwatumia watu na hazijawahi kuchapwa popote. Atakaa ukumbi wa parokia kuanzia saa tatu asubuhi. Chini ya kila barua litachapwa jina la aliyeandikiwa na jina la aliyeitunza.

Jina kitabuni! Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na minane. Jina langu limeandikwa mahali pawili tu: kwenye kitambulisho cha taifa, na kwenye ukuta wa choo cha wavulana, ambako wanafunzi waliandika “Mwl. Lenatus”. Matusi yaliyofuata niliyasamehe. Hiyo L sijaisamehe mpaka leo.

Juvenali alikuwa mwalimu hapa Nyakisasa miaka ya sabini, kabla hajahamia Biharamulo na kuwa mtu mkubwa. Riwaya zake tatu nimezifundisha hadi nikaziota. Mwaka 1994 nilimwandikia barua ya heshima, nikamwonyesha makosa kumi na moja katika riwaya ya pili. Hakunijibu. Nilielewa. Wakubwa hawapendi kusahihishwa.

Tena kuna suala la baba. Marehemu baba yangu, Mzee Hategekimana, alikuwa fundi baiskeli hapa senta. Mpaka anakufa mwaka 2009 alisema Juvenali ni rafiki yake wa damu. Watu walicheka. Walimbandika jina, “Rafiki wa Juvenali”, na jirani yetu Hakizimana hadi leo ananiita Mtoto wa Rafiki. Mimi mwenyewe sikumwamini baba. Naliandika hili humu kwa sababu humu hakuna anayesoma.

Lengo: Jumamosi niwe na barua mkononi, jina la baba na langu yaingie kitabuni, Hakizimana anyamaze. Mbinu: bado.

Jumanne, 8 Julai

Mke wangu Genoveva ameniuliza asubuhi kwa nini nisitafute kwenye debe la mzee. Nimemjibu kwamba nilikuwa naelekea huko huko. Sikuwa naelekea huko.

Debe ni lile la mafuta ya msaada, baba alilipata miaka ya kambi ya Lukole alipokuwa akiziba pancha za wakimbizi. Ndani: spana, pampu, viraka, gundi iliyoganda, minyororo miwili. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, barua. Nilikaa chini kuisoma. Nimeinakili hapa neno kwa neno:

“Biharamulo, 3/8/1981. Ndugu yangu Hategekimana, habali za Nyakisasa. Mimi nimefika sarama ila sijapata mahari pa kudumu. Baiskeri uliyonitengenezea inakimbia kuriko mabasi. Naandika kitabu usiku na mchana. Hapa hakuna duka la maana. Nitumie karamu mbili nyeusi kwa mtu yeyote anayekuja huku. Rafiki yako, Juvenari.”

Furaha yangu ilidumu hadi neno la tano. Habali! Sarama! Mwandishi aliyetufundisha nchi nzima Kiswahili fasaha hajui kutofautisha mahali na mahari? Ametafuta nyumba au ametafuta mke? Na karamu mbili nyeusi ni nini, matanga? Kalamu huandika, karamu huliwa. Hili nililifundisha kidato cha kwanza, wiki ya pili, kila mwaka.

Na sahihi. Mtu gani anakosea jina lake mwenyewe?

Hitimisho ni moja na linaniuma: baba alidanganywa. Mhuni fulani wa Biharamulo alijifanya Juvenali ili apate kalamu za bure, na fundi baiskeli wa watu akaamini hadi kaburini.

Nimemweleza Genoveva. Yeye amesema mzee alikuwa akiitoa barua hiyo kila Pasaka, anaisoma, anaikunja, anairudisha. Akaongeza kwamba nusu ya wilaya hii inachanganya hizo herufi, hata Padri wetu husema “tusari”. Nimemjibu kwamba Padri hajaandika riwaya.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Nyakahura kupeleleza. Pikipiki hadi kwenye lami, kisha gari la abiria, vumbi la kiangazi hadi kwenye nyusi.

Anayepelelezwa ni Shilinde, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Habari zimefika hadi kwetu kwamba ana barua za Juvenali zaidi ya arobaini. Arobaini! Mtu aliyeishia darasa la tatu. Nilimkuta sokoni kando ya barabara akikagua ndama wa mtu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, nikampa shikamoo. Ameitikia marahaba kana kwamba nimechelewa kuitoa.

Hana hiana, nikubali. Amenipeleka kwake, akatoa kibuyu cha zamani kisicho na maziwa, akamimina vikaratasi mkekani. Juvenali alipoishi Biharamulo alikuwa akinunua maziwa kwake, na kila asubuhi mletaji alirudi na kikaratasi. Nilisoma cha kwanza: “Shilinde, leo maji ni mengi kuriko maziwa.” Cha pili: “Shilinde, ng'ombe wako amekula nini, maziwa yananuka kama gari la mkaa. Kesho nipe lita mbiri.” Cha tatu kilisema tu: “Samahani kwa ya jana. Nilikuwa na hasira ya sura ya saba.”

Kuriko. Mbiri. Sahihi: Juvenari.

Nimeelewa kila kitu hapo hapo mkekani. Mhuni ni yule yule! Amezunguka wilaya mbili, huku anachukua kalamu, kule anachukua maziwa, wote anawaandikia kwa jina la mtu mkubwa. Nilimweleza Shilinde kwa upole kwamba alitapeliwa. Ameniuliza kama najua huyo tapeli alivyofanana, maana mtu aliyekuwa akinywa maziwa yake kwa miaka kumi na minne ndiye yule yule aliyekuja kuzikwa na mawaziri wawili.

Swali hilo sikulijibu kwa sababu gari langu lilikuwa linakaribia kuondoka.

Kabla sijatoka nimempa nafasi. Nikajitolea kumwandikia upya vikaratasi vyote kwa Kiswahili sanifu, bila malipo, asije akaaibika Jumamosi. Amekataa. Amesema anavipeleka kama vilivyokamuliwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefikiri sana njiani na kitandani. Huenda nilikosea kidogo kuhusu mhuni. Mawaziri wawili hawazikani na mhuni.

Maelezo mapya: Juvenali hakuandika barua hizi kwa mkono wake. Alimsomea kijana wa nyumbani, kijana akaandika anavyosikia, mpaka na sahihi akamwekea. Kwa hiyo maneno ni ya Juvenali, makosa ni ya kijana. Na mtu akiyaondoa makosa, kinachobaki ni Juvenali mtupu. Huko si kughushi. Huko ni kusahihisha, kazi niliyolipwa mshahara na serikali kuifanya.

Nilichukua daftari kuukuu la mwaka 1983, karatasi imeshakuwa ya manjano yenyewe. Nikaandika polepole, mwandiko wa kulala kulia. “Habari za Nyakisasa. Nimefika salama ila sijapata mahali pa kudumu.” Baiskeri ikawa baiskeli. Nilitaka kuongeza methali moja, nikajizuia. Kisha sikujizuia, nikaweka “akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki”, kwa sababu inamsifu baba. Karamu mbili nyeusi zikawa kalamu mbili nyeusi. Jina lake likarudishiwa L yake.

Ili ionekane imezeeka niliipitisha kwenye chai ya rangi na kuianika uani. Kuku alipita juu yake. Nilikwangua unyayo kwa wembe, mbinu ya zamani ya walimu, wino au uchafu unatoka na karatasi inabaki. Imebaki karibu yote.

Halafu ile barua ya mkono wa kijana. Ikikaa nyumbani kuna siku mtu ataikuta, aseme Juvenali hakujua kuandika, na baba aonekane mjinga mara ya pili. Nimeitia kwenye mafiga Genoveva alipokuwa kisimani. Iliwaka haraka kuliko nilivyotegemea. Nilihisi kitu kifuani, nadhani ni moshi.

Genoveva aliporudi akauliza kinachonuka ni nini. Nikasema nailoni. Sehemu hiyo ni kweli.

Ijumaa, 11 Julai

Maandalizi. Nimenyoa. Nimepiga pasi suti ya kustaafia. Nimeandika hotuba fupi ya kukabidhi barua, kurasa nne.

Jioni nimemkuta Hakizimana senta, akaniuliza Mtoto wa Rafiki atapeleka nini kesho. Nikamwambia aje aone. Akasema anakuja, na analeta wenzake. Vizuri. Waje wote.

Genoveva ameomba aione barua ya mzee kabla haijaondoka. Nikamwambia iko ndani ya bahasha, imeshafungwa kwa gundi. Alinitazama. Akaenda kuchambua maharage.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa ufupi.

Ukumbi ulijaa. Christina ni dada wa miaka thelathini na kitu, mpole, miwani, kompyuta ndogo na glavu nyeupe za kushikia karatasi. Amewasalimia wazee wote mmoja mmoja kwa shikamoo. Nilimpenda kwa hilo.

Shilinde alikuwa wa kwanza, na kibuyu chake. Alipomimina vikaratasi Christina alivua miwani na kuvaa tena. Alisoma kile cha maji na maziwa kwa sauti, ukumbi ukacheka, yeye akafuta machozi. Alisema hii ni hazina. Alisema miaka minne ametafuta kitu kinachoonyesha siku za mwandishi akiandika riwaya ya tatu, kumbe ziko kwenye kibuyu. Alipofika pa hasira ya sura ya saba alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Shilinde aliniangalia. Angesema ingekuwa afadhali.

Zamu yangu. Nilianza hotuba. Kwenye ukurasa wa pili Christina aliomba kwa heshima aione barua kwanza.

Aliisoma mara mbili. Aliishika kwenye mwanga. Kisha akasema Kiswahili chake ni kizuri sana. Nikasema asante. Nilipaswa kusema ndiyo, kweli.

Akaeleza, kwa sauti ya chini, ila ukumbi ule una mwangwi. Juvenali katika maisha yake hakuwahi kuandika ukurasa mmoja bila kubadilishana R na L. Alikuwa Mhangaza wa hapa hapa, na mwenyewe alikuwa akisema msomaji mwenye akili ataelewa. Miswada yake yote iko hivyo, ukurasa una makosa kumi hivi. Pale kwa wachapishaji palikuwa na mama mmoja aliyeajiriwa kwa herufi hizo mbili tu. Hata jina lake aliandika Juvenari, na benki ilimsumbua kwa hilo hadi uzeeni. Kwa hiyo barua iliyonyooka namna hii, amesikitika, haiwezi kuwa yake.

Akaniuliza kama hii ni nakala, na kama barua yenyewe ipo. Aliuliza vizuri. Alinifungulia mlango wazi kabisa. Hakizimana alikuwa mstari wa pili na wenzake wanne.

Nikasema yenyewe ndiyo hiyo.

Christina alichukua kalamu. Kisha akaandika kwenye orodha yake, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusoma: “Hategekimana, Nyakisasa. Si halisi.” Hakuandika jina langu. Aliandika la baba.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema.

Jumapili, 13 Julai

Misa ya kwanza sikwenda. Ya pili nilikwenda, nikakaa nyuma. Hakizimana amenipa amani ya Kristo kwa mikono yote miwili, halafu akauliza kama barua ya Paulo kwa Wakorintho nimeshaisahihisha. Kwaya nzima ilisikia.

Nyumbani nilimwambia Genoveva ukweli wote, hata wa mafiga. Hakupiga kelele. Alisema mzee alipougua mara ya mwisho aliomba asomewe ile barua, na msomaji alipofika kwenye baiskeri inayokimbia kuriko mabasi alicheka hadi akakohoa. Alisema mimi nilikuwepo chumbani siku hiyo. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

Chakula alinipakulia, akala jikoni peke yake.

Christina ameacha maelekezo kwa katekista Fabrice. Yuko Ngara mjini mpaka Jumatano. Mwenye barua aliyechelewa anaweza kumtumia kupitia Fabrice.

Sina barua. Ninayo nakala ya kuku.

Jumatatu, 14 Julai

Siku kubwa!

Asubuhi Genoveva aliamua debe la mzee ligawiwe kwa fundi kijana wa senta, vifaa vipate mtu wa kuviheshimu. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nilijaribu pampu kabla ya kuitoa, haikusukuma upepo. Nikafungua kizibo. Ndani kulikuwa na karatasi imeviringishwa, imeshika mafuta pembeni, mwandiko ule ule nilioutia motoni. Naiandika hapa:

“Biharamulo, 20/11/1994. Ndugu yangu Hategekimana. Mwanao Renatus ameniandikia barua. Amehesabu makosa kumi na moja katika kitabu changu. Kumi ni ya mpiga chapa. Moja ni langu, na tangu kitabu kitoke hakuna mtu mwingine aliyeliona. Ana jicho kari. Usimwambie, atavimba kichwa na kuanza kusahihisha Sala ya Bwana. Rafiki yako, Juvenari.”

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu sikuona vizuri. Miaka thelathini na moja nimeamini alinidharau. Na baba alijua, akaambiwa asiseme, akaficha ndani ya pampu, akacheka peke yake kila aliponiona na kalamu nyekundu. Baba alikuwa rafiki yake kweli. Nilimwambia Genoveva kwa sauti, “baba alikuwa rafiki yake kweli,” akanijibu kwamba watu wote wa nyumba hii walijua isipokuwa mwalimu. Lakini alitabasamu. Mchana amekula na mimi.

Fabrice anapita saa kumi kuichukua, aipeleke Ngara. Jina la baba litafutiwa lile “si halisi”. Na jina langu limo ndani, kwa mkono wa Juvenali mwenyewe, tena limeandikwa sawasawa.

Saa nane mchana. Nimeisoma tena, kwa jicho kari. Kuna tatizo.

Christina alisema ukurasa una makosa kumi hivi. Hapa nimehesabu: “kari”, na sahihi. Mawili! Barua ameandika, si balua. Langu, si rangu. Atakapoiona atasema hii nayo imenyooka mno, mzee yule yule wa wiki iliyopita, haiwezi kuwa yake. Genoveva anasema Juvenali alijitahidi kuandika vizuri kwa sababu alikuwa anaandika habari za mtu anayehesabu makosa. Anasema niiache kama ilivyo, nisiiguse hata kwa kidole. Genoveva ana moyo mzuri ila hajui taratibu za uthibitisho.

Sibadilishi neno hata moja. Naongeza makosa manane tu, ili iaminike. “Barua” itakuwa “balua”. “Langu” itakuwa “rangu”. “Sala” itakuwa “Sara”, Bwana atanisamehe. Wino mweusi ninao, wembe ninao, muda upo.

Saa tisa na nusu. Nimeanza na lililo wazi zaidi, nikakwangua R ya kwanza ili isomeke Lenatus. Karatasi ni laini kwa sababu ya yale mafuta, imetoboka kidogo hapo kwenye jina langu. Si sana. Ukijua ni nani aliyekuwepo, bado anasomeka.

Naendelea na “balua”. Fabrice nimemsikia anaegesha baiskeli.